Mistari Kwenye Shavu la Bibi

Siku niliyogundua kwamba picha mbili zinaweza kulazwa moja juu ya nyingine zikazaa ya tatu, niliunguza wali. Nilikuwa nimeinjika sufuria nyuma ya duka, nikarudi mara moja tu kwenye kompyuta kubonyeza kitu kimoja, na kilichonirudisha jikoni ni moshi. Sikujali. Niliutafuna ule ukoko macho yakiwa kwenye kioo, na kama mtu angekuja kuniambia kwamba duka nalo linaungua, ningemwomba asubiri kidogo.

Duka langu liko Masasi mjini, si mbali na stendi. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, natengeneza kadi za harusi, mabango ya misiba na fulana za sherehe za unyago. Kwa miaka mingi kazi yangu kwenye programu ya picha ilikuwa kukata na kubandika. Mteja akitaka kusimama mbele ya ghorofa, namkata kutoka kwenye ukuta wake wa udongo namsimamisha mbele ya ghorofa. Wasichana wanataka chunusi zitoke, wanaume wanataka suti. Nilijiona fundi. Kumbe nilikuwa mtu aliyenunua nyumba ya vyumba vingi akaishi miaka yote barazani.

Picha ndani ya programu hupangwa kwa tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Wa juu huufunika wa chini, basi. Lakini pale pembeni kuna orodha ndogo inayoamua wa juu uufunike wa chini kwa namna gani, na orodha hiyo nilikuwa naiona kila siku bila kuigusa. Siku ya wali mkono uliteleza ikafunguka, nikachagua neno la kwanza nililokutana nalo, na anga jeupe la picha ya bibi harusi mmoja likanywa rangi za mabibo niliyokuwa nimeyapiga picha asubuhi. Nilisimama kwenye kiti changu. Kisha nikakaa nikajaribu neno la pili, la tatu, hadi mwisho wa orodha, halafu nikaanza upya.

Majina yote ni ya Kiingereza na hayakunisaidia kitu, kwa hiyo nikayabatiza. Kuna ile inayotia giza popote ambapo tabaka lolote kati ya mawili lina giza, kama ukishika khanga mbili pamoja ukazitazama juani. Hiyo nikaiita Khanga Mbili. Inayofanya kinyume chake, ikaangaza kila kitu, ni Tochi. Inayokoleza kilichopo bila kuleta kigeni ni Chumvi. Na kuna moja ya ajabu kuliko zote, inayopinga: mahali ambapo picha mbili zinafanana inaweka weusi mtupu, na mahali zinapotofautiana inapiga kelele za rangi. Hiyo nikaiita Mbishi, na kwa muda mrefu sikuona ina faida gani zaidi ya kunichekesha. Vichujio navyo nikavipa majina. Kinachofuta vumbi na madoa nikakiita Fagio. Kinachoacha mistari na kingo tu kikamwaga vingine vyote nikakiita Chekeche.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi ule hakuna mteja aliyetoka dukani kwangu akiwa vile alivyoingia. Mzee mmoja aliyetaka picha ya kitambulisho nilimtilia machweo nyuma ya kichwa, akairudisha akasema anataka kuandikishwa, si kuzikwa. Bango la msiba nililolitia Chumvi kupita kiasi lilimfanya marehemu aonekane amekasirika na waombolezaji. Nilicheka, nikatengeneza upya, nikaendelea kujaribu. Sijawahi kufurahia kitu hivyo tangu nilipojifunza kuendesha baiskeli.

Mama yangu ndiye aliyekuwa hafurahii. Yeye anakaa Chiungutwa, kwenye mikorosho yake, na akija mjini hukaa kwenye benchi la dukani akinitazama kwa jicho la pembeni. Aliniambia, "Mwanangu, watu wanakuja hapa na sura walizopewa na Mungu, wewe unawapaka poda ya umeme." Nikamwambia ndiyo wanayoitaka. Akaguna.

Ukweli ni kwamba mama alikuwa na jambo lake moyoni, na mimi nililijua. Mdogo wangu wa kike alikuwa amechumbiwa. Washenga walikuja Chiungutwa, wakakaribishwa mkekani, wakaongea kwa mafumbo yao mpaka wakafika mahali wanapofika siku zote. Wakauliza, "Na wajomba wa binti wako wapi?"

Kwetu, uwe Mmakua, Myao au Mmakonde, mtoto ni wa upande wa mama. Baba ni baba na anaheshimiwa, lakini anayesimama siku ya posa na siku ya harusi, anayeulizwa kwanza na kusikilizwa mwisho, ni mjomba. Na sisi hatuna. Babu yangu, baba yake mama, alikwenda ujanani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, akarudi Chiungutwa na mke na mtoto mchanga. Mke yule akafariki mama akiwa bado anatambaa. Mama akalelewa na bibi yake mzaa baba. Kila alipouliza mama yake ni mtu wa wapi, babu alimjibu neno moja, "Juu," yaani huko juu kwenye uwanda, Newala na vijiji vyake. Kisha babu naye akafa na neno lake. Vijiji vikahamishwa, watu wakachanganywa, na huko juu ni kukubwa.

Siku ya harusi yangu mimi tuliazima mjomba. Alikuwa jirani, mtu mzuri, lakini alikunywa uraka, pombe ya mabibo, tangu asubuhi, na alipoulizwa kama anamtoa binti yake kwa ridhaa alijibu, "Namtoa, ila nikumbusheni ni yupi." Watu walicheka mpaka leo wanacheka. Mama alicheka pia, lakini baadaye nilimkuta ndani amekaa kitandani na viatu vyake mkononi, na hakuwa anacheka.

Kwa hiyo washenga walipouliza safari hii, na jirani yule akaanza kujikohoza, mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mjomba wa kuazima sitaki tena." Washenga wakapewa siku nyingine.

Wiki hiyohiyo mama alikuja dukani, hakukaa kwenye benchi. Alikuja moja kwa moja mezani, akatoa kopo la poda, na ndani ya kopo akatoa kipande cha boksi. Juu yake ilikuwa imebandikwa, kwa uji wa muhogo, picha ndogo kama zile za kitambulisho. Nilijua ipo. Sikuwahi kuruhusiwa kuishika.

"Huyu ndiye mama," akasema. "Sijawahi kumwona. Nimekuwa na hii karatasi maisha yangu yote na sijawahi kumwona. Wewe si una hiyo mitambo yako? Hebu nionyeshe."

Nilitazama. Ilikuwa imepauka hata uso ulibaki kama doa la chai kwenye kitambaa cheupe. Kulikuwa na nywele, kulikuwa na bega, na katikati ungeweza kuweka uso wowote unaotaka. Nilipaswa kuogopa. Badala yake damu ilinichemka kwa furaha, na nasema wazi kwamba kwa dakika za kwanza sikumfikiria bibi wala mama. Nilifikiria Khanga Mbili.

Niliiskani kwa ukubwa wa mwisho ambao mashine inaweza. Nikachukua ile picha nikailaza juu ya nakala yake yenyewe kwa Khanga Mbili, na ule weupe ukaanza kunywa giza. Nikaongeza tabaka la tatu. Likatokea tundu la pua. Mama alisogea. Nikaongeza la nne, yakatokea macho mawili, yanatazama pembeni kidogo, kama mtu aliyeambiwa asicheke. Mama alinishika bega na kucha zake zikaingia. Kulikuwa na vidoavidoa vyeupe vingi sana, ukungu wa ule uji wa muhogo, vimejaa kila mahali hadi usoni, nikapitisha Fagio na vyote vikaondoka, ngozi ikabaki safi. Halafu nikatengeneza tabaka la Chekeche juu kabisa, nikalitia Chumvi.

Ndipo ikatokea mistari. Miwili ilipanda shavuni ikakutana kwa pembe, kama paa la nyumba, na mwingine ukashuka kutoka kwenye paji la uso. Sikuamini. Nilizima tabaka nikawasha tena. Ilikuwepo.

"Mama," nikasema, "ana nembo."

Nembo, zile chale za usoni, tumezoea kuziona kwa bibi na babu zetu wa uwandani, na kila upande ulikuwa na michoro yake. Mwenye nembo amebeba kwao usoni. Mama alijua hivyo kuliko mimi. Alikaa kwenye kiti cha wateja akakitazama kile kioo, kisha akasema, "Tunafanana midomo." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. Nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa naogopa kuachia kipanya kabla sijahifadhi kazi.

Nilichapa picha kubwa kwenye karatasi nzuri. Nilijivuna, sitaki kusema uongo. Niliwaambia majirani wa duka, nilimwambia mdogo wangu, nilimwambia mume wangu mara nyingi hadi akaomba amani. Ule mstari wa paji la uso, kweli, niliona unagusa pua na kuingia karibu na jicho, lakini nikajiambia kwamba ndio ufundi wa zamani. Mtu akishapenda jambo, hana haja ya ushahidi.

Tulipanda kwenda Newala asubuhi, mama na mimi, kompyuta nimeifunga kwenye khanga kama mtoto. Hewa ya huko juu ni baridi kuliko ya Masasi, na mama alijifunika mtandio akatembea mbele yangu kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona. Sokoni tulionyesha picha kwa kila mwanamke mwenye umri. Walikuwa waungwana. Walisema mzuri, walisema pole, walisema labda tuulize Kitangari. Muuza mihogo ya kuchemsha, mama wa makamo, ndiye aliyefuta mikono akaishika picha vizuri. Akasema, "Mimi sijui kusoma hizi. Lakini mama mkwe wangu yuko Mkunya, anazo zake. Ana maneno makali, msije mkaudhika."

Tukapanda bodaboda hadi Mkunya.

Mama mkwe yule alikuwa uani, amekaa chini miguu imenyooka, anamenya mihogo na kuitupa kwenye ungo. Tulimwamkia. "Shikamoo bibi," nikasema mimi, na mama akasema, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba mbili tofauti, moja kwa kila mmoja, akaagiza tuletewe mkeka na kikombe cha maji. Huko juu maji hayachezewi. Tulikunywa na tukashukuru kwanza. Mama akaeleza yote kwa utaratibu, mkonge, Chiungutwa, neno la babu, harusi inayokuja. Kisha nikampa picha kwa mikono miwili.

Aliitazama karibu. Akaitazama mbali. Akaigeuza chini juu.

"Alikatwa na nani huyu?"

"Ndiyo tunaulizia, bibi."

"Nauliza hivi kwa sababu huyo fundi alikuwa ngonjwa," akasema, kwa ile lafudhi ya uwandani. "Nstari umetoka huku, umepanda pua, umeingia jichoni. Ntoto angepofuka. Mie nimeona nembo tangu kuzaliwa, sijaona inayopanda pua." Akanirudishia. "Hii si nembo, njukuu wangu. Hii ni karatasi imekunjwa."

Nilitaka kubisha, na mdomo nilishaufungua, lakini nilipoitazama ile picha upya nikaona kile ambacho kila mtu mwenye akili angekiona: mistari ile haikujali uso. Ilianzia nje ya shavu, kwenye ukuta wa nyuma, ikapita juu ya bibi yangu kama barabara, ikaendelea hadi pembeni mwa picha. Nilikuwa nimekoleza mikunjo. Chekeche na Chumvi yangu vilikuwa vimempamba bibi yangu kwa makovu ya karatasi, na mama alikuwa ameyabusu.

Mama alichukua ile picha akaiweka mapajani, akaanza kuinyoosha kwa kiganja, ingawa haikuwa na kasoro. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Yule mwanamke akageuka kuwafukuza kuku waliokuwa wanaufuata ungo. Alipogeuza shingo mtandio ulishuka, na chini ya shavu lake la kushoto, kando ya taya, niliona nukta. Zilikuwa chale ndogondogo zilizoinuka, zimepangwa mstari, zinapanda kuelekea sikioni. Si paa la nyumba, si mistari mirefu. Nukta tu, kama punje za mtama.

Nikaganda. Vidoavidoa.

"Bibi," nikasema, "samahani, naomba nione hapo tena."

"Waona nini, uzee?"

Nilifungua khanga, nikafungua kompyuta, nikaiweka kwenye mkeka katikati ya maganda ya mihogo. Uzuri wa kazi ya tabaka, ambao siku ile niliubariki kwa moyo wote, ni kwamba hakuna unachokipoteza. Kila tabaka lina jicho dogo pembeni. Ukilifumba, tabaka linajificha, na kilichokuwa chini kinarudi kama kilivyokuwa. Nilifumba jicho la Chekeche, mikunjo ikalegea. Nilifumba jicho la Fagio, na ukungu wote ukarudi, vidoa juu ya nywele, juu ya bega, juu ya ukuta. Nikakuza shavu.

Ukungu umetapakaa ovyo. Lakini kando ya taya kulikuwa na vidoa ambavyo havikuwa ovyo. Vilikuwa na ukubwa mmoja, kila kimoja na kivuli chake upande wa chini, na vilipanda kwa mstari kuelekea sikioni. Nilikuwa nimezifagia nembo za bibi yangu pamoja na uchafu, kisha nikamchora nyingine.

Yule mwanamke alikuwa ameacha kisu. Alisogea kwa makalio hadi mbele ya kioo, akaweka kidole karibu sana bila kugusa.

"Zinapanda," akasema.

"Ndiyo."

"Za watu zinashuka. Muulize yeyote hapa Mkunya, nukta zinaanzia sikioni zinashuka kidevuni. Zetu zinapanda kwa sababu fundi wetu alikuwa wa nkono wa kushoto. Alianzia chini. Tulichekwa sana." Akagusa taya lake. "Alikata watoto wanne tu akaacha kazi. Wanne tulikuwa."

Sikuweza kukaa. Nilimwomba ruhusa nimpige picha ya shavu kwa simu. Alinyoosha shingo kwa madaha, akafunga macho. Nikaihamishia haraka kwenye kompyuta kwa waya, maana chaji ilikuwa inaisha. Nikaiondolea rangi, nikaipunguza, nikaizungusha kidogo, nikalilaza shavu la mwanamke wa Mkunya juu ya shavu la bibi yangu. Kisha nikafungua ile orodha nikachagua Mbishi.

Nilishasema Mbishi hupiga kelele penye tofauti na hunyamaza penye kufanana. Vilipiga kelele vitu vingi: ngozi moja ya msichana, nyingine ya mwanamke mzee, nywele, mwanga, mkunjo wa mtandio. Nikaisogeza picha ya juu kwa vitufe vya mishale, taratibu, kushoto kidogo, juu kidogo. Ikafika mahali nukta moja ikazimika. Nikasogeza tena kwa upana wa unywele mmoja. Zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine, kutoka tayani kupanda hadi sikioni, na pale palipokuwa na mstari wa nukta za watu wawili pakabaki weusi tulivu. Mbishi alikuwa hana la kubisha.

Nilieleza kwa maneno machache maana ya ule weusi. Sidhani kama walihitaji maelezo. Yule mwanamke alikuwa hatazami tena kioo, alikuwa anamtazama mama.

"Mmoja wetu alimfuata kaka yake kwenye mkonge," akasema. "Kaka akarudi, yeye hakurudi. Tukaambiwa ameolewa na ntu wa bara huko, wa Chiungutwa au wapi. Tukangoja aje na ntoto." Akataja jina. Halikuwa lile tulilokuwa tunalijua. Sisi tulikuwa na jina la dini alilolipata mkongeni, na hili lilikuwa la unyago, lile walilompa siku alipotoka. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kutuelewa tulipouliza. Mama alilirudia lile jina polepole, mara mbili, kama anaonja chumvi ya mboga.

"Waliokatwa pamoja ni ndugu," yule mwanamke akasema. "Sasa wewe ulikuwa unaniitaje hapo mlipofika? Mie ni mama yako mdogo."

"Mama mdogo," mama akasema. Ni mwanamke mwenye wajukuu, na sikuwahi kumsikia akilitamka neno lile kwa mtu wa kwake. Walishikana mikono wakakaa hivyo, na kuku wakala mihogo yote.

Kompyuta ikazimika yenyewe. Nadhani ilikuwa na adabu kuliko mimi, maana nilikuwa bado nataka kuwaonyesha Tochi.

Kaka yule, mjomba wa mama, yuko hai, Kitangari. Tulipofika kwake alikuwa amekaa mlangoni anapanga korosho, na meno yake yameisha lakini maneno hayajaisha. Alimsikiliza mama hadi mwisho, akamtazama midomo, akaingia ndani. Tulidhani amekasirika. Alitoka amevaa kanzu na kofia, akauliza, "Hao washenga wanakuja lini?" Mama alimweleza kwamba bado kuna siku nyingi. Akasema hapana shida, atavaa tu.

Kwenye posa alikaa katikati ya mkeka kama nguzo. Washenga walipouliza wajomba wako wapi, aliwaacha wasubiri, akajikuna, akakohoa, akaomba swali lirudiwe kwa sababu hakulisikia vizuri. Alikuwa amelisikia. Alitaka tu mama alisikie tena likiulizwa yeye akiwepo. Jirani yetu, yule wa kuazima, alipiga makofi kuliko wote.

Baada ya hapo nilitaka kumtengenezea mama picha kamili, ya kuning'inizwa ukutani siku ya harusi. Nilikuwa na ari mpya. Niliondoa ukungu kwa mkono, doa moja moja, bila Fagio, nikiziruka nukta za tayani kwa uangalifu wa mtu anayetembea kati ya vifaranga. Nikazikoleza kwa Chumvi kidogo tu. Kisha nikaanza kuziba mikunjo kwenye tabaka jipya, juu kabisa. Nilikuwa nimeziba ule wa paji la uso, shavu linafuata, mama alipoingia dukani akasimama nyuma yangu.

"Unafanya nini hapo?"

"Natoa mikunjo, mama. Hii iliyotuaibisha."

Alivuta kiti akakaa. Alisema kwamba ile siku ya Mkunya, yule mama mdogo aliposema ni karatasi imekunjwa, yeye alikumbuka pale pale, ila hakuweza kufungua mdomo. Alipokuwa mtoto, wenzake waliokuwa wagonjwa walifungwa hirizi na mama zao. Yeye akaichukua ile picha, akaikunja pembetatu ndogo kama hirizi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Alikwenda nayo kisimani, alikwenda nayo shambani, alilala nayo. Ilipoanza kukatika ndipo bibi yake mzaa baba akapika uji wa muhogo akaibandika kwenye boksi, akamchapa.

"Rudisha," akasema.

"Mama, ni makovu ya karatasi."

"Nukta alichanjwa na fundi. Hiyo mistari nimemchanja mimi."

Nikafumba jicho la tabaka la juu, mikunjo ikarudi.